Utawala wa Amin Ulivyotufikia Karatu

Majeshi ya Idi Amin yaliishia Mto Kagera, lakini sisi wa Karatu tuliuonja utawala wake.

Utotoni mwangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, magari ya watalii kutoka Nairobi yalipita Rhotia yakipandisha Ngorongoro, yakituachia vumbi jekundu. Mjomba alitandika vitanda katika hoteli moja ukingoni mwa kreta. Mshahara wake ndio ulionunua sare zetu za shule.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Rais wa Uganda, Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo wakuu watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena. Sitaki kumbebesha Amin kila mzigo. Sisi na Kenya tulikuwa na ugomvi wetu. Lakini wazee wasipokaa kikao, nani atawasuluhisha? Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Magari yakaadimika, mjomba akarudi kulima mahindi.

Oktoba 1978 ikaja vita na Amin. Vijana wa mgambo walipakiwa kwenye malori, akina mama wakipiga vigelegele huku machozi yanawatoka. Binamu yangu alikuwamo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, naye akarudi salama. Hakusimulia mapigano. Alichonieleza ni hiki tu: “Dada, kule watu walikuwa wanaogopa hata kulitaja jina lake ndani ya nyumba zao.”

Vita ilipokwisha, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, tukaifunga miaka. Kwenye duka la kaya tulipanga foleni tangu alfajiri, na mche mmoja wa sabuni tuliukata kwa uzi, nyumba tatu tukagawana.

Mpaka ulifunguliwa 1983. Jumuiya ya zamani ilikuwa imeshavunjika; mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na kwa upande wa Uganda aliyesaini ni Yoweri Museveni, aliyeingia madarakani kwa mtutu mwaka 1986 na hajatoka.

Siku hizi nawasikia vijana wetu pale stendi ya Karatu wakiwashangilia wanajeshi waliopindua serikali za Mali, Burkina Faso na Niger. Hasira yao dhidi ya viongozi wabovu naielewa, tena ni ya haki. Ila nawaomba, wanangu, kabla ya kushangilia nendeni mkawaulize wazee waliopanda malori yale. Bado wapo.