Ndege ya boksi na ndege ya mabua

Huku Uingereza fundi wa mifano midogo ya ndege za vita mara nyingi ana mvi. Anajifungia chumbani jioni za Novemba, na saa kumi na moja taa imeshawashwa kwa sababu kiza kimeingia. Morogoro fundi huyo ana miaka tisa, yuko uani, na akifika kidato cha kwanza ataambiwa aache utoto. Mtu mzima wa mtaa wa Kihonda akionekana ameshika ndege ya kuchezea, majirani wataanza kuulizana kama yuko sawa.

Kwa hiyo nashukuru kwamba nimezeekea huku. Kampuni ya Airfix ilianza kuuza Spitfire ya plastiki mwaka 1953, na watoto wa enzi zile ndio wazee wanaofurika mji wa Telford kila Novemba kwenye maonyesho ya chama chao cha mafundi wa mifano ya plastiki, IPMS, kilichoanzishwa mwaka 1963. Swali la majaji wa pale ni moja tu: imefanana? Wanainama na tochi kutafuta mshono wa gundi ambao haukupigwa msasa vizuri.

Wenzangu wengi wanapenda Lancaster, ile ya injini nne iliyobomoa miji ya Ujerumani. Mimi nilichagua B.E.2c, ndege ya mbao na kitani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu hiyo iliruka kwetu. Kikosi cha 26 cha Waingereza, ambacho askari wake wengi walitoka Afrika Kusini, kiliteremka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na ndege za aina hii. Tarehe 26 Agosti mwaka huo majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa ameshaondoka, akirudi nyuma kuelekea Kisaki, askari wake wakiizunguka milima ya Uluguru. Marubani walitumwa kumtafuta na kudondosha mabomu, lakini mtu aliye chini ya msitu haonekani kutoka juu. Milima nayo haikuwasaidia. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na B.E.2c hata kwenye hewa ya baridi ya Ulaya ilikuwa inaishia kama mita 3,000. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 90. Hebu fikiria joto la Morogoro, mabomu yakiwa yananing'inia chini ya mbawa!

Kwenye boksi, mbawa zile za mita 11 zimekuwa sentimita 15 na ushee. Kukata vipande na kuvigandisha si kazi. Kazi ni waya. Ndege hii ina mbawa za ghorofa mbili zilizofungwa kwa waya kila upande, na kila waya unataka tundu lake, linalotobolewa kwa keekee nyembamba kama sindano. Unapitisha uzi, unaweka tone la gundi kwa ncha ya kijiti cha meno, unavuta, unasubiri. Ukivuta sana bawa linapinda. Ukilegeza, uzi unabembea na jaji ameshakuona.

Ndege ya mabua haina boksi wala maelekezo. Inasubiri mavuno. Bua kavu la mahindi linachunwa ganda kwa wembe au meno, na maganda yale magumu yanapasuliwa kuwa vijiti vyembamba, ndivyo misumari. Kiini cheupe kinachobaki ndicho mwili na mbawa. Unachoma kijiti, unaunganisha, basi. Puani unafungwa mwiba, na kwenye mwiba pangaboi la kopo au la jani kavu. Kisha unateremka nayo mbio hadi pangaboi lipotee machoni kwa kasi.

Watoto wa Morogoro huziona ndege za kivita za kambi ya Ngerengere, na hizo ni jeti, hazina pangaboi. Mtoto anaiga mbawa za jeti zilizorudi nyuma, anaiga mkia, halafu anaiwekea ndege yake pangaboi vilevile. Telford wangemnyima hata cheti cha kushiriki. Lakini ndege yangu, pamoja na nyuzi zake zote, ikipelekwa mtaa wa Mji Mpya, Morogoro, itaulizwa mbona haizunguki, na sina jibu. Kwa ufundi wa mikono simpi Mwingereza hata pointi moja ya ziada.

Ninachomwonea wivu ni kumbukumbu. Kwenye klabu yetu ya mafundi huku nimekuta wastaafu wanaomjua Leo Walmsley, mtazamaji wa kikosi cha 26 aliyeandika kitabu kuhusu safari za kikosi hicho mwaka 1920, na wanaijua Kisaki kwa jina. Sisi tuliosoma chini ya milima ya Uluguru hatukuwahi kuambiwa kwamba iliwahi kupitiwa na ndege za mabomu. Nao pia wanajua nusu. Boksi lina viti viwili, cha rubani na cha mtazamaji. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya vita hivyo vichwani, baada ya mbung'o kuua farasi na nyumbu, hawamo kwenye karatasi ya maelekezo.

Basi wewe mwenye watoto waliozaliwa huku, mkienda Morogoro nendeni Julai au Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa. Mtafutie mwanao mwenzake anayejua kuchuna bua. Halafu mpeleke vijiji vya Matombo na Kisaki, mkae na wazee, mwulize babu zao walibebeshwa nini mwaka 1916, na mwandike majibu.