Kiboko wa Ayubu: Safari ya Mwalimu wa Matayos

Neno "safari", ambalo asili yake ni Kiarabu, halikuingia katika Kiswahili likiwa na mnyama ndani yake. Lilikuwa na maana ya mwendo wa mtu kutoka mahali hadi mahali, na hiyo ndiyo maana inayoishi Matayos hata leo. Dereva wa lori la mafuta anayengoja zamu ya kuvuka Malaba yuko safarini. Mahujaji wapitao Busia kwa miguu, wakienda Namugongo kuiwahi tarehe 3 Juni, wako safarini. Marehemu anayerudishwa kutoka Nairobi kuzikwa kwao naye husemwa kuwa yumo katika safari, tena ya mwisho. Kiingereza ndicho kilicholiazima neno hili katika karne ya 19, kikalipunguza kidogo kidogo mpaka likabaki na gari lenye paa la kufunguka, darubini, na simba aliyelala chini ya mgunga. Hapana ubaya katika kuazima. Ajabu ni kwamba neno limerudi kwao limevaa nguo za ugenini, na wenyewe wamelipokea hivyo hivyo.

Katika nguo hizo ndimo mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili alimolipokea, pale umoja wa akina mama wa kanisa lake ulipotangaza kwamba kutakuwa na "safari ya kuona uumbaji". Walichanga kwa mwaka mzima. Kutoka Matayos mpaka ni karibu, hivyo basi hawakuchagua Maasai Mara bali Hifadhi ya Murchison Falls nchini Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1952, ambako mgeni hupanda boti pale Paraa akaufuata mto Nile hadi chini ya maporomoko. Mwalimu alitoa mchango wake kama wenzake, na hakuwaambia kwamba alikwisha kuuona uumbaji huo kwa karibu.

Yeye hakuzaliwa Matayos; aliolewa huko. Kwao ni Samia, ufukoni mwa ziwa, na baba yake alikuwa mvuvi. Usiku mmoja, binti akiwa na umri wa miaka tisa, kiboko aliupindua mtumbwi wa baba yake na kumuua. Katekista aliyeongoza mazishi alisema kwamba matendo ya Mungu hayaulizwi. Binti hakuuliza. Alikua, akasomea ualimu, akafundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka mingi, akaisoma Biblia yote isipokuwa sura mbili ambazo kila alipozifikia alizipindua pamoja kama kurasa zilizogandana: ya 40 na ya 41 za kitabu cha Ayubu.

Hapa pana suala la tafsiri lisilopaswa kupitwa haraka. Katika sura hizo Mungu anamjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, lakini hamwelezi sababu ya mateso yake, anamwonyesha wanyama. Wawili wa mwisho, walio wakubwa kuliko wote, Kiebrania kinawaita Behemothi na Lewiathani. Wataalamu hawajakubaliana kama hao ni wanyama wa mtoni au madubwana ya visasili vya kale. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyaacha majina hayo kama yalivyo, na msomaji wa London akabaki salama, kwa kuwa hakuna mtu wa London aliyepata kupoteza baba kwa Behemothi. Watafsiri wa toleo la Kiswahili la Muungano, lililotoka mwaka 1952, walikata shauri kwa ujasiri: Behemothi akawa kiboko, na Lewiathani akawa mamba. Aghalabu uamuzi wa namna hii husifiwa kwa kuileta habari karibu na mazingira ya wasomaji. Ni kweli, uliileta karibu. Kwa binti wa mvuvi wa Samia uliileta hadi mlangoni. Mungu wa toleo hilo anamwambia mtu aliyefiwa amtazame kiboko, kwamba ameumbwa pamoja naye, na anamsifu kwa nguvu za kiuno chake. Toleo la Habari Njema la miaka ya 1990 lilirudisha jina la Behemothi. Huenda wahusika walijali usahihi tu, lakini matokeo yake yalikuwa pia rehema kwa baadhi ya wasomaji, jambo ambalo wahakiki wa tafsiri hawana budi kulipima.

Mwalimu mwenyewe, kwa mujibu wa masimulizi yake, hakukwazwa sana na sifa hizo. Kilichomkwaza ni nyasi. Sura inataja kwamba mnyama huyu hulisha majani mfano wa fahali. Mamba huua kwa njaa, na njaa ni sababu. Kiboko aliyemuua baba yake hakuwa na haja naye. Alimuua, akaenda zake malishoni. Darasani, neno hilo lilipotokea, wanafunzi walicheka kwa kuwa kwao kiboko kilikuwa kwanza mjeledi, ule uliokatwa katika ngozi ya mnyama huyo na kutembezwa migongoni mwa watu wakati wa ukoloni. Yeye aliwafundisha kutofautisha kwa upatanisho wa kisarufi: kiboko kimeanguka, kiboko ameanguka. Hakuwaeleza zaidi ya hapo.

Basi lao lilivuka Busia asubuhi na kuingia Busoga. Kusini mwa barabara ile, upande wa Mayuge, ndiko alikouawa Askofu James Hannington tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hannington alikuwa amefika Mumias, akawaacha huko mchungaji William Jones na wapagazi wengi, akaendelea na watu wapatao 50. Na mifupa yake iliwahi kuzikwa Mumias kabla ya kuhamishiwa Namirembe mwaka 1892. Alikuwa mpenda viumbe, mkusanyaji wa mimea na wadudu, na safari yake ilikuwa safari kwa maana ya zamani. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1888. Siku yake ya mwisho aliandika kwamba Zaburi ya 30 ilimtegemeza, na kwamba fisi alilia karibu naye usiku, amenusa harufu ya mgonjwa. Mambo haya mawili yamekaa katika aya moja, bila kiunganishi cha kuyapatanisha. Kiongozi wa msafara, mwinjilisti kijana, alisimulia kifo cha askofu ndani ya basi kwa ufasaha, akamwacha fisi.

Siku ya pili walipanda boti. Tembo walikuwapo, na ndege wa kila rangi, na mamba waliopanua vinywa kwenye mchanga. Akina mama waliimba. Walipolifikia kundi la viboko, mwendesha boti alipunguza moto, na mwinjilisti akafungua Biblia yake.

"Mama Mwalimu, wewe ndiwe mwenye sauti. Tusomee Ayubu 40, kuanzia aya ya 15."

Aliipokea, akaona imeandikwa Behemothi. Akamrudishia.

"Nitasoma ya kwangu, mwanangu."

Akatoa mkobani lile toleo la zamani, jalada lake limefungwa kwa gundi ya karatasi, akasoma. Alipolitamka jina la mnyama, baadhi ya wenzake walicheka kwa furaha na kuwaelekezea vidole wale waliokuwa majini, maana neno na kitu vilikuwa vimekutana. Sura ilipokwisha walisema amina.

"Bado," alisema mwalimu.

Akaendelea na sura ya 41 yote, polepole, kama asomaye imla, na kisha ya 42, mahali ambapo Ayubu anakiri kwamba zamani alikuwa amesikia habari tu, na sasa ameona kwa macho. Hapo alinyamaza kitambo. Kwa wengi wa wahubiri aya hiyo ni ya ushindi. Jinsi alivyoisoma yeye haikuwa ya ushindi, wala haikuwa ya uasi. Ilisomwa kama ushahidi unavyosomwa barazani, na mtu aliyekuwapo. Hakusema amina, na hakuna aliyemhimiza.

Mbele yao mto ulikuwa umeanza kutoa povu, kwa maana hawakuwa mbali na pale Nile inapobanwa katika ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Mwendesha boti, aliyekuwa akisikiliza, alimwambia kwa Kiswahili cha upande ule kwamba viboko hawa mchana ni wapole tu. Usiku ndipo hutoka majini kwenda kula nyasi, na mtu asisimame kati yao na maji.

"Najua," alimjibu.