Faiba kiwandani na magunia yaliyopotea

Leo sina habari ya programu mpya. Ni habari ya waya.

Mwaka jana niliandika programu ya kuhesabu magunia katika kiwanda kimoja cha unga, Eneo la Viwanda, Nairobi. Vibarua wa pale hulipwa kwa gunia. Mizani inapima, kompyuta ndogo kando yake inatuma hesabu ofisini, Jumamosi watu wanalipwa. Wiki ya pili mama mmoja akanijia na daftari lake. "Kijana, mashine yako imenila magunia kumi na moja."

Nilimwambia labda alikosea kuhesabu. Jibu lile linaniaibisha hadi leo.

Usiku nikapekua kumbukumbu za seva. Mapengo yalikuwa pale pale, kila mota kubwa ya kinu ilipowashwa. Fundi wa stima akanimulikia tochi juu ya dari: waya wetu wa mtandao, shaba isiyo na kinga, umelazwa bega kwa bega na nyaya za mota. Mota kama ile ikianza huvuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida, na shaba iliyo karibu hupokea kelele yote. Isitoshe, mtu alikuwa ameurefusha waya ukapita mita 100, kikomo cha Etheneti ya shaba.

Dawa ikawa faiba. Kioo hubeba mwanga, hakipitishi stima, kwa hivyo mota na ivume itakavyo.

Nilidhani kuvuta faiba ni kama kuvuta kamba. Wapi! Ukiikunja sana, mwanga unavuja au uzi unavunjika. Uzi wenyewe pamoja na ganda lake la kioo una unene wa mikromita 125, na sehemu inayopitisha mwanga, kwa aina tuliyotumia, ni 50 tu. Chembe moja ya vumbi kwenye ncha inatosha kuharibu kazi, nasi tuko kwenye kiwanda cha unga! Tena mashine ya kuunganisha huyeyusha kioo kwa cheche, na unga uliotanda hewani ukipata cheche hulipuka. Tukangoja Jumapili vinu vikiwa vimezimwa, tukaacha mita kadhaa za ziada kila upande, kazi ya kuunganisha ikafanyiwa nje ya ukumbi. Fundi alifuta kila ncha kwa spiriti, vipande vilivyokatwa akavitia mkebeni maana vikikuingia kidoleni huvioni. Mimi nikagombezwa kwa kuchungulia ncha. Mwanga wake hauonekani kwa macho, huwezi kujua kama umewashwa.

Jumatatu mota ikanguruma, hakuna pengo.

Lakini nisiilaumu shaba peke yake. Nilikuwa nimetumia UDP, ambayo ujumbe ukipotea haiutumi tena. Uvivu wangu huo. Sasa kompyuta ya mizani huhifadhi kila gunia mpaka seva ikiri kulipokea.

Meneja alilikubali daftari, mama akalipwa kumi na moja zake. Daftari bado analo. Kila Jumamosi hulilinganisha na skrini yangu kabla ya kutia sahihi.