Moto Ulikuwapo

Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ya Minneapolis ilipita nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kumwangalia mzazi. Mtoto wetu alikuwa na wiki tatu. Usiku wa manane niliamka nikihisi pua imekufa ganzi. Tanuri la gesi linalopasha nyumba joto lilikuwa limezima.

Niliteremka na tochi. Mama akanifuata, kanga juu ya koti.

"Mwanangu, si kuna mkaa? Washa jiko, mtoto asidhurike."

Mkaa ulikuwapo, wa kuchomea nyama kiangazi. Nilitamani. Lakini nyumba za huku huzibwa kila upenyo, na mkaa ukiwaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, aliyelala haamki. Nikamwambia haiwezekani. Akanyamaza, kama mtu aliyekataliwa na mwanawe.

Nilinusa kwanza. Kama pangekuwa na harufu ya gesi, tungetoka sote na kupiga simu tukiwa nje. Haikuwapo. Nikapandisha thamostati. Feni ya kutolea moshi ikavuma, kiwashio kikawa chekundu kama kaa. Basi bomba la nje halikuzibwa na theluji. Gesi ikafunguka, moto wa buluu ukashika. Baada ya sekunde chache ukazima. Ikawa hivyo mara tatu, kisha mashine ikagoma kabisa.

"Mbona umewaka?" Mama akauliza. "Nani anauzima?"

Swali hilo lilinizindua. Mimi nilikuwa nikitafuta kwa nini hauwaki. Mbele ya moto hukaa kijiti chembamba cha chuma, shahidi wa kwamba moto umewaka. Kisipouhisi, gesi hufungwa isije ikajaa nyumbani. Nikakata umeme, nikafunga gesi, nikalegeza skrubu moja na kukitoa. Kilikuwa na utando wa kijivu, mwembamba mno. Mama akakipokea, akakisugua taratibu kwa stilwaya ya jikoni kama asuguavyo sufuria. Nikakirudisha. Moto ukawaka, na safari hii ukakaa.

Tuliketi sakafuni mpaka vyumba vikapata joto.

"Kumbe moto ulikuwapo," akasema.

Sikumjibu. Kwa miaka 11 ya ugenini nilikuwa nikinung'unika moyoni kwamba Mama hana mapenzi nami, maana kwenye simu huniuliza tu, "Umekula?" kisha akaniaga. Mara ngapi moto huo uliwaka, nami kwa utando wangu nisiuhisi, nikafunga?

Alfajiri aliinuka kwenda kumtazama mjukuu. Mlangoni akageuka.

"Umekula?"

"Bado, Mama," nikasema. "Tukale pamoja."