Dalali Akibisha Hodi: Wosia kwa Wajukuu Wangu

Bondeni, Nakuru

Wajukuu wangu wapenzi,

Moyo wangu umechoka, daktari amenieleza waziwazi, nami sitaki kuondoka na haya kifuani. Mambo ya nyumba na ya kisima nimekwisha kumwambia baba yenu mkubwa. Barua hii ni ya deni tu, kwa sababu nawaona mnavyokopa, na nawaona mnavyonyamaza simu ikilia.

Mnajua kazi iliyowalea wazazi wenu. Nilikuwa karani wa dalali wa mahakama. Yeye alishika leseni, mimi nilishika kitabu. Nimeingia nyumba za Kaptembwa, Rhonda na Free Area, na mashamba ya Njoro hadi Molo, nikiandika: kochi la watu watano, runinga, friji, ng'ombe wa maziwa wawili. Niliyoyaona huko ni kwamba aibu imeangamiza watu wengi kuliko deni. Mtu akidaiwa huona haya, akiona haya hujificha, na akishajificha karatasi za mahakama zinamfikia lakini hazisomi. Kesi inasikizwa bila yeye, hukumu inatoka bila yeye, na siku anapotoa kichwa nje, lori limekwisha kuegeshwa. Watu wa namna hiyo ndio waliotupa kazi nyingi.

Ewe mwenye duka la vipuri pale Shabab, hili ni lako kwanza. Bahasha ya mahakama ifunguliwe siku ileile inapofika. Ndani yake umeandikiwa siku za kujibu, kwa kawaida 15. Ukizipuuza, mdai anaomba hukumu na anaipata, hata kama alichokidai ni mara mbili ya ulichokopa. Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 siku hizi linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiza kesi mwaka 2021. Hapo hulazimiki kuwa na wakili, na kesi yatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Nenda ukaseme ukweli wako: nadaiwa, lakini si kiasi hiki, au nadaiwa, na kwa mwezi nina uwezo wa kutoa hiki. Hata hukumu ikishatoka, mahakama ina mamlaka ya kukuruhusu ulipe kidogo kidogo ukionyesha sababu. Nimewaona watu wakiingia pale mikono ikitetemeka, wakatoka na ratiba ya malipo waliyoiweza.

Sasa nawasimulia kisa cha mama mmoja wa Kaptembwa, muuza mitumba. Tulifika kwake asubuhi na lori na vijana wa kubeba. Vijana hao wamezoea kuingia kwa vishindo, maana vishindo humfanya mtu asahau kuuliza. Yeye alisimama mlangoni, leso kiunoni, mkononi ana karatasi ileile tuliyomwachia juma lililotangulia. "Karibuni," akasema, "lakini leo ni siku ya sita." Akaikunjua karatasi, akaweka kidole juu ya tarehe. Kisha akaomba kuona leseni ya dalali, kisha amri ya mahakama, akazisoma zote mbili polepole, neno kwa neno, huku wanawake wa ploti nzima wamejaa uani. Dalali akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akawaambia vijana wapande lori. Kesho yake mama yule alikuwa mahakamani kuomba apangiwe malipo, na siku ya nane hatukurudi kwake.

Hakuwa na wakili wala ndugu mkubwa serikalini. Alikuwa na karatasi, na alikuwa ameisoma.

Kwa hiyo yajueni yaliyomo. Udalali unaongozwa na Sheria ya Madalali, Sura ya 526, iliyopitishwa mwaka 1996, na kanuni zake za mwaka 1997. Dalali lazima awe na leseni ya bodi ya madalali. Mara ya kwanza anapokuja kwa vyombo vya nyumbani haruhusiwi kubeba kitu. Anakuja na hati ya mahakama au barua ya aliyemtuma, anaorodhesha kila chombo, bei yake na hali yake, anakupa orodha utie sahihi wewe au mtu mzima aliyeko nyumbani, na anakuachia notisi ya siku saba. Ukikataa kutia sahihi hujamzuia. Ataandika tu kwamba umekataa. Mimi nawashauri mtie, lakini msome kwanza. Kochi la shilingi 40,000 likiandikwa 4,000, sema hapo hapo, na uandike barua siku hiyohiyo. Siku saba hizo mali bado ni yenu kukomboa. Zikipita ndipo anabeba, na hata akibeba, lazima mnada utangazwe gazetini na zipite siku saba nyingine kabla nyundo haijagonga.

Akitaka kuvunja mlango, au akihofia vurugu, anatakiwa arudi mahakamani aombe amri ya kusindikizwa na polisi. Askari wawili waliookotwa kituoni bila amri hiyo si kibali. Muwaulize kwa adabu. Msiwarushie mawe, msiwaite majina, msiwatie watoto mbele. Nimeona kijana wa haki kabisa akigeuka mshtakiwa wa kesi ya jinai kwa sababu ya kofi moja.

Na msisahau kwamba gharama za dalali zinabebwa na mdaiwa. Kuorodhesha kuna ada, lori lina ada, kuhifadhi kuna ada ya kila siku, tangazo lina ada. Deni dogo nimeliona likikua njiani kabla halijafika sokoni. Ada hizo zina kipimo chake katika kanuni, na mkizitilia shaka mahakama inaweza kuzikagua. Lakini aliyelipa mapema hana haja ya kuzikagua. Mkilipa, lipeni kwa njia inayoacha alama, mdai risiti siku hiyohiyo, na msimpe kijana wa lori hata shilingi mia.

Binti yangu wa saluni, wewe unaogopa wataondoka na mashine zako. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakataza kukamatwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi ya mdaiwa na ya familia yake, na zana za kazi zinazomlisha. Kwa deni la hukumu ya kawaida, mashine yako ya kukaushia nywele ni zana. Sema hivyo wakati wa kuorodhesha, na uiseme kwa sauti. Mkulima naye ameachiwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 ya kwanza. Kiwango hicho ni cha kale mno. Leo hakinunui hata mtamba mmoja wa gredi, na inaniuma kwamba wabunge wetu wamekiacha hivyo. Na vyombo vya mtu mwingine havilipi deni lako. Dada yako anayeishi nawe akiona friji yake imeandikwa, apeleke pingamizi mahakamani kwa maandishi, na risiti ya duka aambatanishe. Ndiyo maana nilikuwa nawafokea mkitupa risiti.

Wewe wa bodaboda usijifariji na kifungu hicho. Pikipiki uliyoinunua kwa mkopo wenyewe umeiweka rehani kwa mkono wako, na uliyemwekea ana haki nayo ukikosa kulipa. Ukiona mwezi unakushinda, mwendee kabla ya tarehe. Anayekuja kabla ya tarehe husikizwa. Anayezima simu hufuatwa.

Shamba ndilo linaloninyima usingizi. Wazee wa rika langu walichanga senti kwa senti katika kampuni za kununua ardhi, Ngwataniro kule Bahati, Ndeffo kule Njoro, wakaingia katika mashamba ya walowezi na wakangoja hati miaka mingi. Wengine wamekufa hawajaishika. Leo nasikia hati kama hiyo imepelekwa benki kwa sababu ya arusi ya siku moja. Kukopa arusi, kulipa matanga. Maneno hayo mliyasikia mkiwa watoto, mkayacheka. Mkikopa kwa hati, iwe ni kwa kitu kitakachozaa: ng'ombe, kisima, mbegu. Na mjue njia ilivyo ndefu, ili mtu asiwafupishie. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana notisi yake ya siku 45. Anayeuza anawajibika kutafuta bei nzuri inayowezekana; akiuza chini ya robo tatu ya bei ya soko, mdaiwa ana mlango wa kwenda mahakamani. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Wake za wajukuu wangu, msitie sahihi karatasi mnayoletewa jikoni mkiwa na mwiko mkononi. Kaeni, isomeni, ulizeni.

Na benki ina kikomo. Tangu Mei 2007, deni likishakwama, riba haiwezi kuendelea kupanda hadi ipite kile kilichokuwa kimebaki cha mkopo wakati lilipokwama. Kama kilichobaki kilikuwa laki moja, riba yote itakayoongezwa juu yake isizidi laki moja. Ombeni hesabu ya mkopo kwa maandishi, mkae na kalamu.

Kuhusu jela. Mtatishiwa jela na kila mtu, mpaka na mwenye kibanda. Deni si jinai. Mdai mwenye hukumu anaweza kuomba mdaiwa aitwe aeleze kwa nini asifungwe, na kifungo hicho hakizidi miezi sita. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia. Majaji wengine baadaye wameshikilia kwamba sheria ya kifungo bado ipo, ila mahakama lazima ichunguze kwanza kama mtu anao uwezo na anakataa. Basi mkiitwa, nendeni, na mbebe ushahidi wa hali yenu: karatasi za hospitali, karo, kitabu cha mauzo. Asiyekwenda ndiye anayetolewa hati ya kukamatwa. Na mkijua kwamba uwezo mnao, msiende kulia mbele ya hakimu. Lipeni.

Mikopo ya simu nitaigusa kidogo, kwa kuwa mnaijua kunishinda. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamtaka mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni, na zinamkataza kutisha, kutukana, na kupigia simu watu waliomo katika simu yako ili akuaibishe. Mkitendewa hivyo, hifadhini ujumbe na mpeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Shailoki wa mtaani ni balaa nyingine. Anayetaka umwachie kadi ya benki na nambari yake ya siri, au usaini fomu ya kuhamisha gari ikiwa haijajazwa, huyo ameshaamua atakachokuchukulia kabla hajakupa pesa. Afadhali mje kwa ukoo mtuaibishe sisi sote.

Kumdhamini mwenzako katika Sacco ni kukopa. Andikeni katika vichwa vyenu kwamba deni lile ni lenu tangu siku mliyosaini, kisha muamue. Simzuii mtu kumdhamini nduguye. Mimi nimewadhamini wengi na wengi wao walilipa.

Yapo pia ya siku mtakapokuwa wadai, maana mtakuwa, inshallah. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Aya mbili kabla yake inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mwenyezi Mungu ameyaweka karibu hivyo, nanyi msiyatenge: andikeni kila kitu, kisha mpeni nafasi asiye nacho.

Nami nadaiwa. Katika sanduku la bati chini ya kitanda changu mna daftari la kijani. Fundi aliyepaua jiko hajamaliziwa shilingi 6,500. Duka la dawa linanidai 1,200. Yule kijana wa kuleta maji mumuulize mwenyewe, na akitaja kiasi msibishane naye. Hayo yalipwe kabla hamjagawana hata kiti, maana mirathi haianzi mpaka deni la maiti limetoka. Ukurasa wa nyuma ni wale ninaowadai mimi. Mjane wa rafiki yangu wa Lanet nimemsamehe, nimeandika na kutia sahihi, ili asije mmoja wenu akambishia hodi kwa jina langu. Mwenye lori wa Section 58 anayo pesa, na anajua anayo. Mwendeeni mchana, akiwa peke yake, mumkumbushe kwa heshima; akiomba mwezi mmoja, mpeni miwili, na muandike tarehe.

Babu yenu