Ufa Ndani ya Televisheni

Huenda unayo nyumbani televisheni inayozimika ikipata moto na kuwaka tena ukiipiga kofi. Fundi wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, ataifungua, atazame vidoto vya lehemu vinavyoshikilia vipuri, kisha aviyeyushe upya kimoja kimoja.

Yawezekana kipuri chenyewe ni kizima. Lehemu ya zamani ilikuwa bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37, nayo iliyeyuka kwa nyuzi joto 183. Tangu tarehe 1 Julai, 2006, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya umeme. Viwanda vingi duniani vikahamia lehemu ya bati, fedha na shaba, inayoyeyuka kwa nyuzi zipatazo 217. Hii ni ngumu zaidi, na isipochomwa barabara hupata ufa. Nasi wa Iringa na Mbeya tunaijua baridi ya Juni: jioni chombo hupata joto, usiku hupoa, na kila siku ufa huzidi kidogo.

Hata hivyo siwalaumu waliobadili. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na lehemu yenye risasi bado hutumika katika matengenezo. Wako mafundi, baba za watu, wanaofanya kazi hiyo jioni juu ya meza ileile ya kulia chakula. Mama mwenye nyumba ana haki ya kuihamishia uani, na kumtaka baba anawe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto.