Kiti cha Mama

Reli ya kiti cha mbele ilivunjika, tukanunua kingine cha mtumba. Ubavuni kimeandikwa SRS AIRBAG. Fundi wetu wa hapa Gataka alitaka kuunga waya za manjano chapchap. Nikamwomba achomoe betri kwanza, tungoje dakika 10.

"Wacha story za YouTube, bro."

Nikamweleza: kompyuta ya eabegi huweka umeme wa akiba, ili mfuko ufunguke hata ajali ikikata betri. Ukifunguka ukiwa umeinama hapo, uso wako umeenda. Akachomoa.

Tulipomaliza, taa ya eabegi ilikataa kuzima. Soketi ya kiti haikulingana na ya gari. Fundi akatoa rezista mfukoni. "Naweka hii, taa inazima."

Kweli ingezima. Gari lingedhani eabegi iko sawa, na sisi pia. Lakini kiti hicho ni cha mama, siku za kliniki.

Nilikataa. Taa bado inawaka. Natafuta kiti cha modeli yetu. Kwa sasa mama anakaa nyuma, amefunga mkanda, akilalamika haoni barabara.